Kilele Tulichokikosa kwenye Ukungu

Glasgow, 12 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo mzee wangu? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila mafua yameniganda, na mvua ya huku unaijua mwenyewe.

Dolina jirani yako amenipigia simu. Anasema tangu tumzike mama hutoki nje ila kufuata kuni, na supu anayokuletea unampa mbwa. Baba, jamani! Naogopa. Sitaki nikuzike na wewe.

Nakutumia vitabu viwili vipya kutoka dukani kwetu. Kimoja ni riwaya ya dada wawili wa visiwa vya Orkney wanaogombania kivuko cha marehemu baba yao. Niliisoma kaunta nikacheka mpaka wateja wakanigeukia. Cha pili ni cha mwanamke aliyetembea peke yake pwani yote ya magharibi, akilala kwenye hema. Soma, uniambie ukweli. Naandika vikadi vya rafuni vya kuwapendekezea wasomaji vitabu, na wewe hujui kusifu uongo.

Binti yako,
Peigi


Kinlochewe, 3 Februari

Peigi mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, nami nipo. Hayo mafua yape asali na wiski.

Habari ya mbwa ni umbea mtupu. Supu ya Dolina ina chumvi, mbwa mwenyewe anaikimbia.

Riwaya ni nzuri. Yule dada mkubwa anavyonuna ni shangazi yako mtupu! Nilisikitika ilipokwisha. Lakini huyo wa hema, aa! Kurasa na kurasa anaeleza moyo wake unavyojisikia, hata mara moja hasemi soksi zimelowa. Nani huyo anatembea pwani ya magharibi asilowe soksi?

Na acha kunitega. Unaniuzia vitabu vya milima, wewe ambaye ngazi za nyumbani kwako zinakutoa jasho. Mimi na mama yako tulipanda milima yote mirefu ya nchi hii. Ule wa mwisho tuliupanda na marafiki na chupa, kama desturi, na mama yako akacheza juu kule na buti zake. Kazi hiyo tuliimaliza pamoja. Sina tena cha kunitoa nje.

Wako,
Baba


Glasgow, 21 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, wiski imebaki kidogo.

Usinikasirikie. Maneno yako ya soksi nimeyaandika kwenye kikadi, nikatia sahihi “Mzee wa Kinlochewe”. Nakala zote za hicho kitabu zimenunuliwa! Mwenye kukiandika alipita dukani, akasoma, akacheka, akasema kweli soksi alizisahau. Sasa wateja wanauliza mzee anasemaje juu ya vingine.

Basi hivi hapa. Riwaya ya mwalimu wa Dundee anayeishi na mama mkwe wake mwizi. Utampenda huyo bibi. Na kitabu kipya cha milima ya kaskazini, chenye picha za vilele. Kisome kwenye kiti chako. Sikutegi, haki ya Mungu.

Peigi wako


Glasgow, 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei. Dolina anasema umemfungia mlango usoni. Kama nimekuudhi kwa vile vikadi, nitavitoa vyote. Niandikie hata mstari mmoja.

Peigi


Kinlochewe, 25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Hasira zangu ni za kile kitabu cha milima, si zako.

Fungua ukurasa wa Sgùrr Odhar, mlima tulioupanda kabla ya ule wa mwisho. Mwandishi anasema juu kuna marundo mawili ya mawe. Lile ambapo njia inaishia si kilele. Kilele kiko ng’ambo ya bonde dogo, mbele kidogo, na kwenye ukungu watu wengi hugeuka pale pa kwanza wakidhani wamefika.

Peigi, sisi tuligeuka! Ulikuwa ukungu mzito, mkono wako huuoni. Mama yako akalikumbatia lile rundo, tukala mkate na jibini, tukashuka tunaimba. Kwa hiyo hatukumaliza! Sherehe yote ile, ngoma yote ile, na mimi niliyewacheka watu maisha yangu yote kwa kujidai vilele wasivyovifikia. Nimeona aibu, hata kwa Dolina.

Haiwezekani kukaa hivi. Mlima kama haujapandwa, haujapandwa. Dolina atanifikisha na gari mpaka mwanzo wa njia, pamoja na supu yake. Wewe usianze kushangilia. Naenda kusahihisha tu.

Baba


Kinlochewe, 19 Mei

Peigi wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika. Goti limevimba kama boga, nami sijambo kabisa.

Siku ilikuwa nyeupe, bila ukungu. Nilifika rundo la kwanza nikakaa pale pale alipokaa mama yako, Una wangu. Ng’ambo nikakiona kilele, karibu hivyo, na miguu ikakataa. Si goti. Niliogopa kwamba nikivuka nitafika mahali ambapo mama yako hakufika, na kuanzia hapo nitakuwa peke yangu. Nililia kwa sauti, mzee mzima.

Halafu nikamsikia, alivyozoea kusema akiona nachelewa: “Farquhar, unangoja basi lipite?” Nikacheka. Nikavuka.

Kule juu milima yote tuliyopanda ilikuwa mbele yangu mpaka baharini. Nikaitaja kwa majina, mmoja mmoja, kama mwehu. Nilikuwa naye kwa kila jina, mwanangu. Kisha nikanywa ile supu, na kule juu chumvi haikuzidi hata kidogo. Dolina usimwambie.

Kwenye kikadi andika: “Kitabu hiki kimenitukana, nami nikatoka nje. Kinunueni.”

Jumamosi mbili sasa nimerudi kutembea, bila cha kusahihisha. Naipenda tu. Njoo Juni, kabla visubi wanaouma hawajawa wengi. Kuna vilima vidogo hapa ambavyo hatukuwahi kuvigusa, kwa vile si virefu, na nataka kuvianza na wewe.

Safari hii usilete kitabu. Lete viatu.

Baba yako