Aliyemaliza Mchuzi wa Karanga

Mkwe wangu,

Nimekwenda sokoni kununua karanga. Mishikaki iko kwenye friji, usiichome kabla sijarudi. Ule mchuzi wa karanga uliotengeneza jana, usijisumbue kuutafuta. ~~Paka kaumwaga.~~ Nimeula mimi asubuhi hii, kwa mkate, nimesimama hapo hapo jikoni, mpaka bakuli likang'aa!

Najua jana mezani nilisema mbele ya wote kwamba ndimu imezidi. Miaka thelathini mchuzi wa nyumba hii natengeneza mimi, na bakuli langu sijawahi kulilamba.

Karanga nitakaanga na kumenya mwenyewe. Halafu jioni, mbele ya wale wale, nitakuomba unifundishe hiyo ndimu.

Mama mkwe