Wacha Ilale

Jumanne, 8 Julai

Baridi. Mlima Kenya haujaonekana tangu mwezi uanze. Nimevaa sweta mbili hapa karakanani Nyeri na bado vidole vinagoma. Nimepima umeme wa boksi namba mbili kwa mara ya tisa. Nikiliamuru lilale, linatii kwa mdomo tu. Linaendelea kula betri kama lililo macho.

Maboksi ni sita. Yametundikwa kwenye nguzo za ua wa umeme juu ya Naro Moru, ule unaozuia ndovu kutoka msituni kuingia mashambani. Kazi ya kila boksi ni moja. Waya ukikosa nguvu, lipige kelele kwa redio, ujumbe ufike kwenye simu yangu na kwa kamati ya ua. Lakini Julai hakuna jua la kujaza betri. Kufikia alfajiri yote yamekufa. Kariuki, mwenye karakana, anasema kamati imetupa wiki mbili. Yakiendelea kufa yatang'olewa.

Dreva ni yangu. Si dreva wa gari. Ni programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo, kwenye kerneli, na kuamua kila chombo kiamke lini na kilale lini. Mama kule Wamagana huwaambia wenzake wa kanisa kuwa binti yake ni dreva. Wananiombea usalama wa barabarani. Nimechoka kumsahihisha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempata mwizi.

Kerneli huhesabu. Anayekihitaji chombo anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, chombo kinalala. Sasa sehemu niliyoiandikia redio, ikikosa mtandao, inatoka bila kupunguza. Inaondoka na mlango wazi. Hesabu haifiki sifuri kamwe, redio hailali kamwe. Nililiandika mwenyewe kosa hilo, mwezi Machi. Aibu tupu. Mstari mmoja umelimaliza.

Sikutosheka. Kipimo cha waya nacho kilikuwa kinakula kidogo kidogo boksi likilala. Nikaiambia dreva ikikatie umeme pia. Kengele ya kuamsha, ile ya kulishtua boksi waya ukikosa nguvu, nikaiacha wazi. Nimejaribu mezani: lilale, nachomoa waya, linaamka papo hapo. Mara ishirini. Betri sasa itadumu siku kumi na moja bila jua.

Najipenda leo. Nimekula chapati na ndengu pale Majengo nikitabasamu peke yangu. Mama wa kibanda ameniuliza kama nimechumbiwa.

Jumamosi, 12 Julai

Tumepanda hadi kwenye ua kuweka programu mpya. Mzee Ndirangu ndiye mlinzi wa kipande kile. Kilomita nne, kila asubuhi, kwa miguu, miaka kumi na mmoja. Hana kifaa cha kupimia. Anashika jani refu la nyasi, analigusisha kwenye waya, anasikia mpigo mkononi. Nimejaribu. Nimeruka kama mbuzi. Amecheka mpaka akakohoa.

Nimempa maagizo. Taa ya boksi ikizimika asijali, boksi linalala. Kila asubuhi anitumie ujumbe. Na nguzo yenye boksi asiiguse kabla ya kuniuliza, maana mara ya mwisho walipoinyoosha nguzo walivunja paneli ya sola.

Akafikiri. "Kwa hivyo mashine inalala, mimi natembea. Hiyo kazi ata mimi ningetaka."

Namuonea wivu kidogo, sijui kwa nini. Pengine ni ile hewa. Pengine ni kwamba anaujua ua wake wote kwa kichwa.

Jumanne, 15 Julai

"Zote imelala injinia." Ndio ujumbe wake, asubuhi tatu mfululizo. Kila alfajiri boksi huamka sekunde chache, likasema betri ikoje, likalala tena. Zote nzuri. Kariuki anapiga mluzi. Kamati inazungumzia kutupatia kazi ya ua mzima. Sisi ni watu watatu karakanani na kazi nyingine hatuna.

Jumatano, 16 Julai

Ujumbe wa mzee, saa mbili asubuhi: "No 4 imelala yote. Nifanye?"

Nimemjibu: "Wacha ilale mzee. Ndivyo tunataka."

Ana wasiwasi mwingi yule. Nimeshinda nikiandika maelezo ya dreva. Mvua.

Alhamisi, 17 Julai

Ndovu wameingia. Wamepitia nguzo namba nne. Nguzo iko chini na waya wote uko matopeni. Shamba la viazi la Mama Wahu, lililo kando ya ua, limekwisha, na alikuwa avune wiki ijayo. Alitoka na sufuria kuwapigia kelele akakuta hakuna kilichobaki cha kukinga. Hajaumia. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Boksi namba nne halikusema neno. Alfajiri lilituma tu kwamba betri ni nzuri.

Mwenyekiti wa kamati amenipigia. Ndirangu anadai ua ulianguka jana asubuhi, akaripoti, na injinia akamwambia aache. "Ulimwambia hivyo?" Nimesema hapana. Nimesema kwa ukali. Nani mwenye akili angemwambia mtu aache ua ukiwa chini? Mzee hana ujumbe wa kuonyesha, simu yake ndogo ikijaa yeye hufuta. Wamemsimamisha kazi.

Nina hasira naye. Nilimheshimu. Kwa nini anisingizie?

Ijumaa, 18 Julai

Kariuki ameleta boksi namba nne. Anataka niandike ripoti ya mkutano wa Jumanne: mashine haikurekodi hitilafu, kwa hivyo ua haukuwa chini Jumatano kutwa, kwa hivyo mzee anadanganya. Rahisi.

Nikaliweka mezani. Nikalilaza. Nikachomoa waya. Likaamka. Zuri kabisa.

Halafu nikahitaji kebo ya kompyuta kwa kifaa kingine, nikaichomoa. Nikajaribu tena bila kebo. Kimya. Tena. Kimya.

Nimekaa sakafuni. Nilikikatia umeme kipimo cha waya, na kipimo hicho ndicho kinachopiga kengele ya kuamsha. Ni kama nilimfungia mlinzi usingizini kisha nikamtegemea apige kelele. Mezani kilikuwa kinafanya kazi kwa sababu kebo ilikuwa inakipa umeme kwa mlango wa nyuma. Mara ishirini nilijaribu, na kebo ikiwa imechomekwa mara zote ishirini.

Basi ua ungeweza kuwa chini siku nzima bila boksi kujua. Basi mzee alisema kweli kuhusu hilo. Nikachukua simu. Sikutaka, lakini nikafungua.

"No 4 imelala yote. Nifanye?"

Nguzo namba nne. Boksi namba nne. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitupiga viboko ili tujue kwamba boksi limelala, na nguzo imelala. Sisi wa huku kila kitu ni i-. Mahindi imelala, mtoto imelala, posti imelala, yaani nguzo imeanguka. Aliniuliza kwa sababu nilimkataza kuigusa. Na mimi nikamwambia ndivyo tunataka.



Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia Kariuki jana.  Akasema, "Bug ni bug, rekebisha. Lakini hiyo message wachana nayo, Wangari. Hakuna mtu ameuliza simu yako." Si mtu mbaya. Ana watoto, na kazi ya ua mzima ikipotea tunafunga.

Leo kanisani Wamagana nimekaa kando ya Mama na sijasikia mahubiri. Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Siogopi kukosa kazi. Naogopa kuchekwa. Naogopa ile sura watu wanayovaa wakigundua msomi ni mjinga kama wao. Na kwa ajili ya sura hiyo, siku tatu sasa nimemwacha mzee wa watu akiitwa mwongo.

Mama ameuliza kama gari limeharibika. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 22 Julai

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Naro Moru. Mama Wahu kiti cha mbele, mikono mapajani. Ndirangu karibu na mlango, amevaa koti la harusi na mazishi. Mke wake, Mama Nyokabi, kando yake.

Ripoti aliyoitaka Kariuki sikuisoma. Nilisoma ujumbe wa mzee, kisha wangu. "Wacha ilale mzee. Ndivyo tunataka." Mtu nyuma akacheka. Nilikuwa nimekingojea kicheko hicho siku nne, na kilipofika kilikuwa kidogo tu. Kisha nikaeleza kosa la pili, la kipimo na kebo. Sijui walielewa kiasi gani. Walielewa kwamba ni langu.

Mwenyekiti akasema, "Na mimi nilikuuliza kwa simu. Ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

Mzee akainuka. Nilidhani atanigombeza. Nilitaka anigombeze. Akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaisoma akiishika mbali na macho.

"Hii ni mimi nilituma?"

"Ni wewe mzee."

"Na wewe ukajibu?"

"Nikajibu."

Akamgeukia mkewe. "Si unaona? Ati nilikuwa nakuambia akili imeanza kupotea. Injinia akisema hapana, mimi nikajua ni mimi nimechanganyikiwa. Nikasema labda nimeota."

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Siku zote hizi nilikuwa nikihesabu nilichomnyang'anya: kazi, jina. Kumbe alikuwa amekaa nyumbani akijichunguza kichwa.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Haya, imeisha," kama watu wazima wanavyosema ili mtoto akae chini.

Mama Wahu akauliza nani atarudisha viazi.  Wameamua Ndirangu arudi kazini na maboksi yote yashuke. Kariuki alifungulia redio ya gari mpaka Nyeri.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeenda kwa Mama Wahu. Hakunikaribisha chai. Alinipa jembe. Tumelima upande wa juu mpaka saa nane, yeye mbele, mimi nyuma. Alisema neno moja tu, kwamba nashika jembe vibaya. Ni kweli.

Dreva nimeirekebisha. Sasa inafanya kazi bila kebo. Hakuna wa kumpa.

Jumanne, 5 Agosti

Tumeshusha maboksi. Jua kidogo leo, la kwanza.

Mzee Ndirangu amerudi kazini. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Mama, akanishikia ngazi. Lakini hatembei peke yake tena. Mama Nyokabi anafuatana naye kilomita zote nne, na goti lake ni bovu. Nilidhani amekuja kutusaidia kubeba.

Kwenye kila nguzo mzee anasimama, anaitazama juu mpaka chini, anaitikisa. Imesimama. Hata mimi nikiwa juu ya ngazi naona imesimama. Kisha anamgeukia mkewe.

"Umeona iko sawa?"

"Nimeona."

"Umeona na macho yako?"

"Nimeona, Baba Nyokabi. Iko sawa."

Ndipo anasonga kwenye nguzo inayofuata, anasimama, na kumwuliza tena.