Mkahawa Uliobaki Buyenzi

Buyenzi, Bujumbura
14 Novemba 1996

Mpendwa dada yangu Khadidja,

Asalaam alaykum. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto huko Kigoma, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi tunapumua, alhamdulillah. Mama anakula kidogo. Kila asubuhi anauliza habari zako, kisha anasahau kwamba nimeshamjibu.

Uliandika kwamba wanao wanataka kujua mama yao mdogo alivyojenga mikahawa. Dada, nimechoka, lakini nitajaribu.

Nilianza na birika moja kwenye lango la bandari, nilipofiwa na Baba Abdu. Watu walinicheka. Nchi imejaa mibuni, lakini nani hapa anakunywa kahawa? Nikaikaanga mwenyewe, nikaitwanga na tangawizi. Wapakuzi wakaizoea, wakaleta wenzao. Nikapata chumba palepale bandarini, halafu hiki cha Buyenzi, na mwisho Kamenge, karibu na hospitali, kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari.

Ule wa Kamenge aliuendesha Consolée. Alikuja kwangu kuosha vikombe, msichana mcheshi ajabu. Wanafunzi waliingia hata wasipokuwa na kiu. Nilimpenda kama mwanangu.

Mwaka jana vita vilipofika Kamenge, mkahawa uliungua wote. Consolée alikuja kwa miguu, hana kitu ila kitenge alichovaa. Nikamweka bandarini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Wateja niliowaita kaka wakasema hawanywi kahawa iliyomiminwa na mtu wa kabila lake. Népomuscène, aliyekunywa kwangu tangu enzi za birika, alisimama mbele ya wote.

"Mama Abdu, umufukuze huyu, ao tutakuya na petroli."

"Mi simufukuzi," nilimwambia. "Basi nafunga."

Nikafunga kweli, siku ileile. Miaka yote ile, na kufuli dogo tu. Nikamleta Consolée hapa nyumbani.

Hakukaa sana. Asubuhi moja nilikuwa nawasha moto, nikamwona amesimama na mzigo wake.

"Mama Abdu, mi naenda. Wakikuya hapa, watachoma na bibi, mama yako."

Nilimwambia aketi, akakataa. Sikuwa na nguvu ya kumshika. Nilimfungia mkate, tukalia kidogo, akaondoka.

Umebaki mkahawa huu mmoja. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, sukari ni ya kubahatisha. Wateja wanakunywa wameegemeza migongo ukutani, macho mlangoni. Zamani walibishana mpaka nikawatuliza. Siku hizi ni kimya, nasikia hata wanavyomeza.

Musafiri, anayekuletea barua hii, ameniambia kwamba Consolée alivuka mpaka, yuko kambini upande wenu. Nakuomba umtafute, dada. Ana kovu kidevuni, na hucheka kabla hajamaliza kusema. Ukimpata, usimwambie arudi. Hapa bado si mahali pa kumrudishia mtu. Muulize tu kama amekula, umwambie mi ni mzima.

Nisalimie shemeji Moubarak, Khaled na Hayat mdogo. Abdu anawaamkia. Mola awafunike kwa rehema zake, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Sijaona