Kware Aliyelia Wodini

Kitale,
Jumapili, baada ya kufunga kibanda

Kwa Baba,

Salamu zangu zikukute umeketi vizuri, mgongo umeegemea mto. Habari ya Mama na kifua chake cha asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, nakula, nalala, shule naenda. Senge, huyu dada yako, pia ni mzima, ila tangu Jumatano hatuongei sana, na sababu utaiona hapa chini.

Naomba barua hii uisome mwenyewe. Vaa miwani. Asikusomee Wafula, asikusomee Mama. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani huwekwa sauti kubwa kila mara, hata jirani aliyekuja kuomba moto anajua nilifeli hesabu. Halafu unanijua, Baba. Kwa simu mimi husema ndiyo, na asante, na sawa, halafu nikikata ndio maneno yanakuja. Nilianza kuandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo barua tunazofundishwa, nikaona Kiingereza changu kinajua kuomba ruhusa na kushukuru tu. Kununa hakijui. Nikairarua hiyo karatasi, nikaanza hii.

Huku baridi ni ile ya kutoa moshi mdomoni. Wateja wa Senge wanafika kabla sijavaa sare, wanataka chai na wanataka maandazi ya moto, na wote wananiita "wewe msichana", hakuna anayeniuliza jina. Mimi sijali. Nikiwa nachovya vikombe kwenye beseni huwa sipo hapo hata kidogo, niko Lwakhakha, Agosti imefika, wimbi limeiva, mimi na wewe tunategea kware.

Wewe unajua nilivyoingoja hiyo Agosti. Ni wewe uliyenianzisha. Mwaka jana tukivuna tulipookota yule kifaranga kwenye wimbi, ukasema tusimpike, ana koo la kuita. Nikamlea kwa mchwa, nikimlisha mkononi, ukamwita Karani kwa sababu ya vile anavyotembea kama mtu amebeba faili za serikali. Ulinifundisha kusuka tundu lake kwa vijiti. Ukaniambia kwamba mwaka unaofuata ndiye atakayetundikwa juu ya mti mrefu tutakaousimamisha, alie alfajiri, na wenzake wakimsikia watashuka wakidhani hapo pana usalama na chakula. Vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe tutakuwa tumevipanga kwenye vijia vya nyasi kule bondeni. Kukipambazuka, mimi natembea upande wa kulia na wewe upande wa kushoto, polepole, tunapiga makofi kidogo tu, kware wanakimbia mbele yetu hadi kwenye vitanzi. Ulisema kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Ukitembea peke yako wanakukwepa ubavuni.

Basi nilipokuja huku kwa Senge kwa ajili ya shule, hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya kila Jumapili. Mti utasimama wapi. Umande umepungua au bado. Nikawaambia hata darasani, mimi nisiyeongea. Nasimiyu ninayeketi naye akacheka, ati msichana wa kutega ndege ameonekana wapi, nikamwambia ndugu zangu wote waliondoka wakiwa hawajui na Wafula aliyebaki hana subira, kwa hivyo baba yangu amenichagua mimi. Nilisema hivyo kwa kiburi, Baba. Nakiri.

Sasa Jumatano.

Mama Zuhura alipita kibandani. Si unamjua, yule wa leso na vitambaa vya kutoka ng'ambo, anayepumzika hapo kwetu akingoja mizigo yake ivuke mpaka. Huku anakaa nyuma ya msikiti, na siku za soko anakunywa chai kwa Senge. Senge alikuwa ameenda kununua makaa. Nikamwekea chai mimi mwenyewe, na alianza kucheka hata kabla hajaketi.

"Nekesa, baba yako ni mtu wa namna gani? Mtu amekatwa mguu juzi juzi, na bado anavunja watu mbavu wodi nzima."

Mimi nilidhani anamsema mtu mwingine. Nikaendelea kumimina.

Akasimulia. Mwezi wa nne alikuwa ameenda hospitali huko Bungoma kumwona wifi yake aliyejifungua. Akasikia Mzee wa Lwakhakha yuko wodi ya wanaume, akaona si vizuri apite bila kukusalimia. Akakukuta umelala chali, simu umeiweka mdomoni, unalia kama kware. Alikuigiza pale pale, na leso yake imeshuka begani, pi-pi-rit, pi-pi-rit. Akasema wagonjwa walikuwa wameshika nyuzi zao wasije wakapasuka kwa kicheko, na nesi alikuja mbio kuuliza ni nani ameleta kuku wodini. Akasema alikuuliza, Mzee, unamwita nani? Ukamjibu, "Namwita mtoto wangu wa Kitale."

Nikamuuliza, "Mguu gani?"

Kicheko chake kikakatika. Akanitazama, akatazama chai, akasema, "Kwani wewe hujaambiwa?" Halafu akasema ni wa kushoto, chini ya goti, ni ile sukari. Akaanza kuniomba msamaha, na yeye hana kosa lolote. Ndiye mtu mzima wa kwanza kuniambia ukweli mwaka huu, na alinieleza akidhani tunacheka pamoja.

Senge aliporudi na makaa kibanda kilikuwa kimejaa. Unajua mimi siongei mbele ya watu. Lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, tena kwa sauti, "Senge, Baba ana miguu mingapi?"

Wateja wakageuka. Mmoja akacheka, akafikiri ni kitendawili. Senge hakucheka. Aliweka gunia chini taratibu kama lina mayai, akasema, "Nani amekwambia?"

Hilo ndilo jibu nililopata. Baadaye, tukifunga, alisema mlikuwa mnanilinda. Ati ningeshindwa kusoma. Nikanyamaza, kwa sababu nikinyamaza huwa ananiona nimekubali. Sijakubali.

Baba, ngoja nikwambie kinachoniuma, usije ukadhani ni mguu. Mguu umeugua, ukakatwa ili wewe ubaki. Hilo nalielewa, na nimelia nyuma ya banda la kuni, na nitalia tena nikiuona. Kinachoniuma ni lile bonde.

Mwezi wa nne mliniambia nisije likizo, nibaki nisaidie Senge na nisome. Watu husema Kitale na Lwakhakha si mbali, lakini kwa mtu aliyeambiwa asije ni mbali sana. Nikabaki. Na Jumapili hizo hizo wewe ukanipigia ukiwa unahema, nikakuuliza mbona unahema, ukasema umepanda kutoka bondeni sasa hivi, umekagua vijia vyetu, na umande umekulowesha hadi magotini.

Hadi magotini, ulisema.

Nikakuomba, hebu nimsikie Karani. Ukasema ngoja nimsogelee. Nikasikia kitu kama kitanda cha chuma kinalia, nikadhani ni lango la zizi. Halafu Karani akalia, safi kabisa, mara tatu, na mimi hapa Kitale nikaziba sikio la pili nisikose hata kidogo. Niliwasikia watu wakicheka kwa mbali. Nikakuuliza ni akina nani, ukasema ni watoto wa jirani. Nilimuaga ndege, Baba. Nilisema, "Karani, kula vizuri, nakuja." Nilikuwa namuaga nani?

Tena kuna jambo lingine niseme, kwa sababu karatasi haiwezi kunitazama usoni. Nilishtuka kidogo siku ile. Ule uhemaji haukuwa wa mlima. Lakini ulikuwa unapanga vizuri sana, unasema mti tuusimamishe karibu na mkuyu mdogo, unasema nisisahau koti, nikaona nikiuliza tena nitaharibu. Nikajiachia nikaamini. Ndivyo wale kware wanavyoshuka, nadhani. Wanasikia mwenzao analia kwa furaha juu ya mti, hawaoni tundu.

Na wewe ulikuwa ndani ya tundu, ukilia hivyo. Nikiwaza hapo hasira inapungua kidogo, halafu inarudi.

Najua desturi yetu. Mtoto akiwa shule asiambiwe ugonjwa, asiambiwe kifo, hadi afunge. Nasimiyu alifichwa hivyo. Alirudi nyumbani likizo akiwa amemnunulia nyanyake peremende za kikohozi, akaonyeshwa kaburi limeshaota majani. Wakubwa wote walikuwa na siri, na hata watoto wadogo wa pale waliijua, ila yeye tu. Alisema alijiona kama mgeni aliyekosea boma.

Na mimi, leo simu ya Senge ilipolia nilijificha msalani. Uliponiulizia, Senge akakwambia naoga. Sikuwa naoga. Nilikuwa nimesimama humo gizani nikiwaza, huyu aliyepiga ni Baba kweli? Kwa sababu kama umeweza kuwa Karani, Wafula naye anaweza kuwa wewe. Siku moja nitakuwa kwenye mtihani, atashika simu aigeuze sauti yake, aseme "Hujambo, Mama, umande umepungua," vile unavyoniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nami nitasema ndiyo Baba, asante Baba, sawa Baba. Na wewe utakuwa umeshazikwa.

Hicho ndicho kitu mmeninyang'anya, wewe na Mama na Senge na Wafula. Mmeninyang'anya kuamini kwamba upo ninapokusikia.

Kwa hivyo naomba haya. Siombi kwa adabu sana, utanisamehe.

Kama Karani amekufa, niambie amekufa. Najua mlipokuwa Bungoma hakuna aliyekumbuka mchwa wake. Sitamlaumu Wafula, au nitamlaumu siku moja tu. Lakini msininunulie kware mwingine sokoni mkaniwekea ndani ya tundu langu. Namjua Karani kwa mwendo.

Shule ikifunga nitakuja, hata Senge akisema nibaki. Nikifika langoni nisikute umefunikwa blanketi hadi kiunoni, wala suruali imejazwa nguo kuukuu. Keti nje kwenye kiti chako, mchana. Nataka kuona panapoishia.

Na kutega tutatega. Nimewaza sana nikiosha vikombe. Bondeni tuachane nako. Lile wimbi la nyuma ya jikoni la Mama linatosha, na kiti chako kinafika pale. Wafula atashika upande wako wa kushoto, nitamfundisha kutembea polepole, hata ikibidi nimfunge miguu kwa kamba ya mbuzi. Mti hatutasimamisha. Alfajiri utaketi pale umejifunika koti, ulie wewe mwenyewe. Watashuka tu, Baba. Ulinidanganya mimi niliyemlea Karani mkononi, niliyemsikia kila asubuhi hadi nikaondoka. Wale wa porini watakujulia wapi?

Usije ukasoma hapo ukasema Nekesa amesamehe. Sijasamehe. Naja nikiwa nimenuna, na nitanuna hapo nyumbani kwa muda ninaotaka, na Mama asinilazimishe kucheka mbele ya wageni.

Nisalimie Mama, mwambie nimeelewa sasa kwa nini mwezi wa nne alikuwa anaongea haraka haraka na kukata simu. Nisalimie kaka yangu Wafula, mwambie atafute nywele za mkia wa ng'ombe, ndefu, na asizikate kwa yule anayekaribia kuzaa. Mnisalimie pia nesi aliyekuja kutafuta kuku, mkirudi kliniki. Mama Zuhura ndiye anayekuletea barua hii mkononi. Mpe chai, na usimgombeze.

Ni mimi mtoto wako niliyezaliwa wakati wa mavuno,

Nekesa

Jumapili ijayo piga, saa zile zile. Sitakuwa msalani. Lakini usianze na ndege, wala usianze na umande. Niambie kwanza umelalaje, na kama kile kidonda kinauma. Ukisema kinauma, nitajua ni wewe.