Kiti cha Mama Baada ya Loretta Kurudi

Mtaa wa Kanisani,
Tolliver, Kentucky.
Tarehe 14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Garland,

Hujambo huko kwenye barafu ya Alaska? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mume wangu Virgil ameongezeka kitambi na anasema ni baridi.

Sasa kaa chini. Chuo chetu kimempata Loretta Stamper. Ndiyo, huyohuyo uliyesoma naye, aliyekuwa akikunyang'anya mpira wa kikapu mbele ya darasa zima. Ameacha timu kubwa aliyoipa ubingwa ili aje kuifundisha timu ya kikapu ya mabinti zetu, ambao msimu uliopita walifungwa hadi na vyuo tusivyojua viko wapi. Niliposikia redioni nilidhani ni utani wa Siku ya Wajinga.

Garland, sijapata kuona mambo kama haya. Foleni ya tiketi za msimu ilitoka dirishani, ikapita benki, ikazunguka duka la samani. Mchungaji Combs aliacha nafasi yake akaenda kuzika, na aliporudi wenzake walikuwa wamemshikia. Watu ambao majuzi ukiwapa tiketi ya bure walikuwa wanasingizia mafua, leo wanasukumana. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimekwisha.

Unayakumbuka yale mapazia meusi waliyotundika ukumbini kufunika viti vya juu, ili visionekane vitupu kwenye televisheni? Wameyashusha. Tulisimama chini tukitazama vumbi likimwagika, na watu wakawapigia makofi mafundi. Hata mimi nilipiga, sikudanganyi.

Lakini hapohapo pakazuka balaa. Kijana wa ofisi ya tiketi alimpigia Mama simu kumwambia kwamba viti vinapangwa upya. Waliochangia chuo sana watakaa mbele, wengine wapande juu. Mama, ambaye amekaa nyuma ya benchi la timu tangu Baba yuko hai, ambaye miaka ya kufungwa alibaki pale karibu peke yake akiwalisha wale mabinti mkate wa ndizi, amepewa viti vyake viwili, chake na kile cha Baba, juu chini ya paa kabisa. Mkate wa ndizi hauhesabiwi kuwa mchango.

Hakugomba. Unajua Mama akinyamaza ni hatari. Baadaye akaniambia, "Waambie wampe mtu mwingine. Mimi nimemaliza."

Nililia ndani ya gari. Tangu Baba atutoke, mechi hizo ndizo zinazomtoa Mama nyumbani majira ya baridi. Bila hizo atakaa kwenye kile kiti cha dirishani, na mimi nitakuwa namtazama akiisha taratibu.

Jumamosi ikawa siku ya kumkaribisha Loretta, mlango wazi kwa wote. Nilimbembeleza Mama twende tumwone tu, kisha turudi. Kufika, chini hapana hata pa kuweka mguu. Tukapanda hadi kwenye vile viti alivyopewa, tukipumzika kila mahali penye nafasi, naye akilalamika kwamba nataka kumuua nirithi kabati lake. Akakaa, mkoba mapajani, uso ameukunja.

Loretta akaingia. Loo, mdogo wangu! Ukumbi mzima ulisimama, kuanzia sakafuni hadi tulipokuwa sisi. Wazee wanalia, watoto wako mabegani, sakafu inatetemeka chini yangu na sauti yangu mwenyewe siisikii. Nimeingia ukumbi ule tangu nikiwa tumboni, na sikujua unaweza kufanya vile.

Mama hakumtazama Loretta. Alikuwa akiwatazama watu, upande huu hadi ule, mkono mdomoni. Nilidhani anaumwa, nikamwinamia.

"Nadine," akasema, "hawa wote ni wetu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Miaka yote nimekaa mbele nikiwapa mgongo. Baba yako kila mara alikuwa akigeuka nyuma, nami namvuta shati atazame mpira. Kumbe alikuwa akiona hiki."

Nikamshika mkono. Tulisimama hivyo mpaka kelele zikapungua.

Tuliposhuka alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la tiketi, akachukua tiketi zake mbili. Kisha akamwonya yule kijana: hata nafasi ikipatikana chini, asithubutu kumhamisha.

Nisalimie mkeo Ingrid na mapacha, waambie shangazi yao anawafumia soksi. Virgil na shangazi Opal wanakusalimu sana. Mungu akukinge na baridi hiyo, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nadine