Jembe la Jumanne

Marodoka, Nosy Be
14 Machi 1964

Mpendwa mpwa wangu Chaher,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakujulia hali wewe na mama yako, dada yangu Hadidja, na nyumba nzima hapo Antanimasaja. Goti lake linaendeleaje na mvua hizi? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila paa la jiko linavuja, na mke wangu Koulsoum ananilaumu mimi badala ya mvua.

Nakuandikia kwa Kiswahili alichotufundisha babu yako. Kifaransa mwandikie mkuu wako wa shule. Haya ni ya damu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Jumanne ile ulipowatoa wanafunzi kupalilia bustani ya shule, binti Soazara alikataa kushika jembe. Ukamwuliza sababu mbele ya wenzake hamsini, akainamisha kichwa, darasa likacheka, na tangu siku hiyo hakuna anayekusikiliza. Sasa umeomba afukuzwe, na baraza la walimu litakaa tarehe ishirini na tatu. Umeniomba dua. Dua nimekuombea, lakini leo nataka pia nikuudhi kidogo.

Umejaza kurasa nne kwa habari za heshima yako, na hukuandika hata mstari mmoja kuhusu nyumbani kwao Soazara.

Mwanangu, ziko koo za Wasakalava ambazo siku ya Jumanne hazitii jembe ardhini. Ni mwiko wao, wenyewe wanauita fady. Si dini yetu, wala sikuambii uuamini. Lakini tunaishi nao, tunakula harusi zao, tunazikana, na bado sisi wenye kofia na vitabu hatuzijui siku zao. Mtoto hawezi kueleza mwiko wa wazee wake mbele ya kundi linalocheka, tena kwa Kifaransa. Labda nimekosea, labda ni uvivu tu. Mwulize. Kuuliza si ujinga.

Ila mwulize faraghani. Darasa la watu hamsini haliongozwi kwa kupaza sauti. Ukipiga kelele, wamepata ngoma ya kucheza. Simama mlangoni kabla hawajafika, umwite kila mmoja jina lake anapoingia. Sheria ziwe chache, zile unazoweza kuzisimamia hata siku uliyochoka. Anayekosa mfuate hadi kwenye dawati lake, umwonye kwa sauti ya chini, na usiadhibu safu nzima kwa kosa la mmoja. Na kitisho usichoweza kukitimiza, kimeze.

Ikiwa ni mwiko, Jumanne ateke maji, jembe alishike Jumatano. Kisha uliambie darasa zima kwamba ulikosea. Utaona kama unavuliwa nguo, najua. Ifute barua ya kumfukuza kabla baraza halijakaa, maana likishaamua hutaweza tena kumrudisha.

Nayasema haya kwa sababu mimi sikuyafanya. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha hapa, nilikuwa na mtoto mmoja, Jaomaro, hajatimiza miezi mitatu shuleni. Jumanne moja akaliacha jembe chini. Nikamwambia mbele ya wote: kama hulitaki jembe, na kalamu huitaki, usirudi. Naye alikuwa mtoto mtiifu, hakurudi.

Baada ya mwezi Koulsoum akaambiwa na shangazi wa yule mtoto sababu yenyewe. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Sikwenda. Niliona aibu mwalimu kubisha hodi kwa mwanafunzi. Nikasema nitakwenda Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine, na sasa imepita miaka ishirini na miwili. Hasira hasara, tunasema, lakini mimi hasara yangu nilimlipisha mtoto wa watu. Inaniuma, Chaher, na sijapata kumwambia mtu ila Koulsoum na sasa wewe.

Nisalimie mama yako, na ami yako Bacar, na Sittou mdogo. Mwambie kofia anayonishonea bado naisubiri. Koulsoum anakusalimu sana na anauliza utaoa lini, mimi sikumtuma. Mwenyezi Mungu akupe subira na akuwekee nuru katika kazi yako.

Neno la mwisho. Aliyekukabidhi barua hii ni baharia wa meli ya mizigo, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni. Usimwache mlangoni, mkaribishe ndani, umpe chai. Njia ya kufika kwenu nimemwelekeza kwa mdomo, mara mbili, kwa kuwa jina lako kwenye bahasha hawezi kulisoma. Ndiye Jaomaro. Mpaka leo ananiita mwalimu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Abdérémane