Dakika Kumi na Tano za Kungoja

Mjukuu wangu Aline,

Sisi huku Bujumbura hatujambo. Goti la bibi yako limepoa, na mtoto wa shangazi yako ameanza kutembea. Barua yako ya kutoka Mwanza nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ni haki mupewe ubingwa wa basketi wa vyuo kwa sababu mvua ilikata barabara na wapinzani hawakufika kwenye fainali.

Wakati wa vita nilikuwa mwamuzi wa fainali kama hiyo. Timu moja ilikuwa ya mjini, nyingine ilikuwa inatoka Kinama, mtaa wa pembeni mwa mji, na bado haijafika. Sheria ilisema timu iliyochelewa ingojewe dakika kumi na tano, basi. Milio ya risasi ilitoka upande ule ule, na sote tulitakiwa tuwe nyumbani kabla ya giza. Nilitazama saa, nikatazama barabara. Kapteni wa timu ya mjini akaniambia, "Mzee, muda umeisha. Andika."

Nikapuliza filimbi, nikaandika kwamba timu ya mjini imeshinda.

Vijana wa Kinama walifika dakika sita baadaye, kwa miguu, wanne tu kati ya wanane. Nilishindwa kumtazama kapteni wao usoni. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye karatasi ya matokeo. "Apana shida, mzee. Mungetungojea, mungerudi nyumbani namna gani?"

Kombe ni lenu, Aline, sikatai. Lakini kabla hamjalipokea, nenda ukawaulize wenzenu wasiofika yaliyowapata njiani. Mimi sikumuuliza yule kijana wengine wako wapi, na mpaka leo sijui.

Babu yako